Mbao Moja Tu

Nyumba ya mbao ina heshima zake. Haianzi kuoza mbele, penye rangi na maua ya Mama yaliyopandwa kwenye makopo ya mafuta ya kupikia. Huanzia nyuma, upande wa migomba, ambako mgeni hapelekwi. Ya kwetu ilioza hivyo, kimyakimya, mpaka mbao ya chini kabisa ikaachia pembeni na kuku akapata mlango. Mayai yakaanza kupungua. Lawama zikamwendea mtoto wa jirani, akachapwa kidogo na kukana sana, na kesi ilikuwa inaelekea kwa balozi wa nyumba kumi siku ukuta wenyewe ulipoanza kulia vifaranga.

Kwetu ni Kibosho, mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Huku mvua ya mwaka hupita milimita 1,500, na sehemu kubwa huja wakati wa masika, Machi hadi Mei, kwa ghadhabu. Baba aliijenga nyumba zamani zile kahawa ilipokuwa na pesa: msingi wa mawe, nguzo, bati, na kuta za mbao zilizolazwa kwa kupandana, ya juu ikiifunika ya chini yake kwa inchi moja hivi, ili maji yateleze mpaka chini bila kukaribishwa ndani. Ni ufundi mzuri. Ubaya wake ni kwamba maji ya ukuta mzima huishia kwenye mbao ya mwisho, nayo haina pa kuyapeleka.

Isitoshe, paa letu halina gata. Tone likitoka kwenye bati linachimba ardhi na kurusha tope ukutani. Na kila asubuhi, miaka yote hiyo, anayefagia uwanja alisukumia majani na udongo mahali pasipoonekana kutoka mbele, yaani nyuma. Mafundi husema mbao ikae juu ya ardhi angalau shubiri moja. Baba, mtu mwangalifu, aliacha shubiri mbili. Ufagio ulizimaliza zote. Ardhi ikapanda mpaka ikaigusa mbao, na kuanzia hapo mchwa hawakuhitaji hata kujenga vile vijia vyao vya udongo vya kukwepea jua. Walipewa mlango wao, jirani na ule wa kuku.

Desemba Wachaga tunarudi nyumbani, na mlima unajaa watu wenye magari ya kukodi na maoni kuhusu nyumba za wenzao. Kikao cha familia kikakaa. Kaka yangu mkubwa akatoa hoja anayoitoa kila mwaka: tubomoe, tujenge ya tofali. Makadirio anayo kwenye simu. Yamekuwa yakihamishwa kutoka simu moja hadi nyingine, na kila Krismasi bei ya saruji inarekebishwa. Shemeji akaongeza vigae. Dada, aliyehudhuria kwa video kutoka mbali, akaongeza choo cha ndani cha wageni. Mama aliwasubiri mpaka nyumba ikafika ghorofa ya kwanza, ndipo akauliza, "Na kuku?"

Nikasema ni mbao moja tu. Nitaibadilisha mwenyewe.

Nilikuwa nimeona video. Mmarekani mmoja, mkanda wa zana kiunoni, anabadilisha mbao ya ukuta wa nyumba yake ya mierezi. Anapenyeza kabari chini ya mbao ya juu, anainyanyua kidogo, anakata misumari kwa jino la msumeno wa chuma, anachomoa iliyooza, anasukumiza mpya, anagonga, anapaka rangi, anakunywa kahawa. Nikiikumbuka video ile leo, sikumbuki ufundi wake. Nakumbuka uwanja wake ulivyokuwa mtupu. Hakuna jirani. Hakuna mbuzi. Hakuna shangazi aliyevuta kigoda. Mtu anabomoa ukuta mchana kweupe na hakuna hata mmoja aliyekuja kumuuliza anatafuta nini. Kazi ya kufanya mwenyewe haidai zana, inadai upweke, na hicho ndicho kifaa ambacho duka la vifaa vya ujenzi pale Moshi halijawahi kukileta.

Sasa mbao yenyewe. Ukuta wa Baba ni wa mkulo, ule mti wa msituni wenye harufu ya kafuri, ambao hata baada ya miaka mingi ukiutia msumeno unanukia. Mkulo huo haupatikani tena kwa njia ya kusimulia mbele za watu: tangu 2005 msitu wa asili wa mlima huu umeingizwa ndani ya hifadhi ya taifa, na atakayekuuzia mkulo usiku atakuuzia na kesi humo humo. Mjini kuna mbao za paina zilizotiwa dawa, zinazotoka Mafinga kwenye mashamba ya Sao Hill, lakini Mama hataki dawa karibu na kuku wake. Ikabaki mgrevilia. Mti huu asili yake ni Australia, ukaletwa uipe kahawa kivuli, na kwenye vihamba vingi, yale mashamba yetu ya kuzunguka nyumba, siku hizi kivuli kipo, kahawa imeondoka. Mama alikuwa na mbao za mgrevilia darini, zilizopasuliwa kwa chensoo zamani kidogo, zimenyooka na kukauka vizuri. Ukavu si jambo dogo. Mbao mbichi ya inchi nane ukiipigilia leo, ikikauka inaweza kupoteza robo inchi ya upana au zaidi, na upepo wa mlimani unapata pa kupigia mluzi.

Nikamwomba.

"Zile ni za jeneza langu," akasema.

Wapo wazee wanaojiandaa hivyo. Hawataki kulala ndani ya kitu kilichogongwa kwa haraka na watu wenye majonzi. Nikaanza kujiondoa kwa adabu. Mama akanitazama, akautazama ukuta, akapiga hesabu.

"Chukua moja. Mimi si mnene."

Vumbi la mgrevilia lina tabia ambayo yule wa mierezi hakuwa na sababu ya kuitaja: wapo watu linaowawasha vibaya. Mimi ni mmoja wao. Sijamaliza hata kuikata kwa urefu, shingo imevimba na mikono imejaa vipele, na Shangazi, ambaye kigoda alishakivuta, anawatangazia wapita njia kwamba hewa ya Dar imeniharibu damu. Akatumwa mtoto kuleta samli. Wakati huo huo nilikuwa napaka mbao oili chafu ya gari, hasa kwenye ncha mbili zilizokatwa, maana mbao hunywa maji kupitia ncha. Ndiko vinakofunguka vile vijitundu ambavyo mti ulikuwa ukipandishia maji ulipokuwa hai. Kwa harakati za Shangazi na za kwangu, ilipofika saa nane tulikuwa tumebadilishana: oili ipo shingoni kwangu, samli ipo kwenye mbao.

Kuing'oa ya zamani ndipo nilipoelewa siasa za ukuta wa kupandana. Mbao ya chini haitoki mpaka ya juu yake ikubali, na ya juu yake imelaliwa na nyingine, na hiyo nyingine imelaliwa pia, mpaka unafika kwenye paa. Unachoomba ni robo inchi ya nafasi, lakini ombi linapanda ngazi zote. Nilipopenyeza mtaimbo, mbao ya pili ikapasuka katikati kwa mlio uliowatoa watu majumbani. Babu wa jirani akaja, akainama, akatia kidole kwenye ufa. Aliyezipigilia zamani, akasema, alipitisha msumari mmoja kwenye mbao mbili, ya juu na ukingo wa ile iliyojificha chini yake. Mbao haivumilii hilo. Masika inatanuka, kiangazi inasinyaa, na ukiishika juu na chini kwa pamoja haina njia ila kupasuka. Msumari unatakiwa upite juu kidogo ya mpandano, kila mbao ishikwe mahali pamoja, iachiwe pengine ipumue. Hii ilikuwa imepasuka kwa ndani siku nyingi. Ilikuwa inasubiri shahidi.

Nikaenda kwa Mama.

"Hiyo ya pili ilikuwa ya kifuniko," akasema. "Haya. Mtanifunika khanga."

Mbao mbili zilipotoka, likabaki gazeti.

Niwaeleze wasiokulia nyumba za mbao. Ili upepo usipite kwenye nafasi za mbao, ndani ya nyumba mlikuwa mnabandika magazeti kwa uji mzito, tabaka juu ya tabaka. Baba alibandika Uhuru, Mfanyakazi na Kiongozi, bila ubaguzi wa chama wala dini. Sisi tulijifunza kusoma kwenye ukuta ule, tumelala, taa ya chemli ikiwa mezani. Pale kitandani kwetu, chumbani kwa Mama, usawa wa mto, palikuwa na ukurasa wa tatu wa gazeti fulani, na kwenye ukurasa huo hadithi ya mfululizo: kijana anapanda treni kwenda Tanga kumkimbia mtu, anashuka stesheni alfajiri, na kwenye benchi amekaa mtu anayemfahamu vizuri sana. Inaendelea ukurasa wa nne. Ukurasa wa nne ulikuwa upande wa pili wa karatasi hiyo hiyo, umegandishwa kwenye mbao. Tumekua watu wazima na kuoa na kuolewa bila kujua ni nani alikuwa kwenye benchi. Kaka anasema ni mke. Dada anasema ni askari. Mimi nimekuwa nikisema baba yake, na tumewahi kununiana kwa jambo hilo.

Mende walishakula uji zamani, kwa hiyo mbao ilitoka na karatasi ikabaki imesimama. Upande wa nne ukitazama migomba.

Kazi ikasimama. Kaka akaitwa, akaja mbio na kijiko mkononi. Dada akapigiwa, simu ikashikwa mbele ya ukuta, akawa anapiga kelele "Sogeza! Sogeza!" kutoka nchi nyingine. Watu waliokuwa wanapita kwenda kanisani wakauliza kuna nini, wakaelezwa hadithi tangu mwanzo, wakachagua pande. Juu ya ukurasa palikuwa na tangazo la baiskeli. Chini yake matokeo ya mpira. Mwendelezo wa hadithi ulikuwa chini kabisa, kwenye kona, yaani pale pale mbao ilipoozea. Na mchwa, kwa kuwa karatasi nayo ni mti, hawakuona sababu ya kuishia kwenye mbao. Walikuwa wameila safu nzima na kutuachia mstari wa mwisho: akamwambia, basi twende tukale.

"Mke," akasema Kaka. "Nani mwingine anaweza kusema hivyo?"

Ubishi ule ulikula mchana uliobaki. Mpaka leo nadhani baba yake naye angeweza kusema hivyo.

Fundi wa kijiji alikuwa amekaa chini ya mwembe tangu asubuhi. Hakuitwa, hakulalamika, alikuja tu kutazama kazi ambayo hakupewa. Watu walipotawanyika akasogea, akaokota msumari, akaushindilia kwa kidole gumba kwenye boriti ya chini, ile inayolala juu ya msingi na kubeba nguzo. Msumari ukazama wote.

"Na hii?" akauliza kwa upole wa kuumiza.

Boriti ikiwa laini namna hiyo huwezi kupigilia mbao mpya juu yake. Ni kuvalisha mgonjwa suti. Inabidi uinyanyue nyumba kidogo, ukate kipande kibovu, uunge kingine kwa mkato wa mshazari ili vishikane, ndipo ushushe. Jeki ikatolewa kwenye gari la kukodi la Shemeji. Tukaitegesha juu ya jiwe, fundi akaanza kuzungusha pole pole, na nyumba ya Baba, yenye kila kitu ndani yake, ikapanda kwa unene wa kidole. Haikulia. Kilicholia ni mlango wa chumba cha Mama, ambao ulikuwa haufungi tangu tukiwa shule ya msingi kwa sababu fremu ilishuka. Sasa fremu imepanda. Mlango ukajifunga wenyewe, sawasawa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na kitasa chake hakina ufunguo.

Mama alikuwa ndani.

Tulisukuma. Tulivuta. Kaka akapendekeza kubomoa, kama ilivyo kawaida yake. Fundi akasema tukishusha jeki sasa boriti itaponda mkono wa mtu. Kukawa na kimya, halafu gazeti likatoboka katikati ya matokeo ya mpira, na mkono wa Mama ukatoka, ukafuatwa na kichwa chake chenye kilemba. Akatazama kushoto na kulia, akaona nusu ya parokia imesimama kwenye migomba yake. Mwanamke aliyezaa watoto wote waliokuwa wanabishana pale akatoka nyumbani kwake kwa mlango wa kuku, akajikung'uta, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," nao wote wakaitika. Sijaona mtu akitoka nyumbani kwa heshima zaidi.

Kipande cha boriti kikatoka kwenye akiba yake pia. Fundi aliunganisha mbao mbili kupata unene. "Hizo ni za ubavuni," Mama akatufahamisha, kwa faida ya kumbukumbu.

Kupigilia mbao mpya kungekuwa kazi ya dakika chache laiti nyuma ya nyumba pasingekuwa na njia. Inatoka juu, inashuka kanisani, inaendelea mpaka stendi ya daladala, na Desemba hakuna asiyeipita. Anayepita anasalimia. Na kwetu mkubwa haamkiwi kwa kutikisa kichwa. Anapewa mkono, tena wa kushoto ukiushika wa kulia. Sasa umechuchumaa, mbao ya futi kumi na mbili umeibana kwa goti na bega, nyundo mkono mmoja, misumari mdomoni, na nyuma yako mzee amesimama mkono ameunyoosha. "Mangi, umerudi?" Yule Mmarekani hajawahi kupewa mtihani huo. Unatema misumari, unaweka nyundo, unaachia mbao, unashika mkono. Shikamoo. Marahaba, unafanya nini? Unaeleza. Mbona humwiti fundi? Fundi yuko pale chini ya mwembe, anapunga mkono. Mzee anaondoka akitikisa kichwa, unainua mbao, na mkewe anatokea.

Mwishowe Shangazi, pale pale kwenye kigoda, akawekwa kuwa mpokea salamu rasmi. Alipokea nyingi, na kwa kila mmoja alieleza habari za damu yangu.

Kuna mambo mawili niliyapata siku zile ambayo hayakuwa kwenye video. La kwanza ni la Babu wa jirani. Kabla ya kupigilia karibu na ncha ya mbao, aliuchukua msumari, akaukalisha kichwa chini juu ya jiwe, akaugonga ncha mpaka ikawa butu. Msumari mkali hujipenyeza kati ya nyuzi na kuzitanua, mbao inapasuka. Msumari butu huzisaga nyuzi unapopita, na mbao inabaki nzima. Nilimwuliza kwa nini basi viwandani wanachonga ncha kali. "Wanauza misumari," akasema, "hawauzi mbao."

La pili ni la fundi. Nilikuwa nimeiweka mbao kwa pimamaji, kiputo kikiwa katikati kabisa, kisha nikarudi nyuma kutazama. Ilikuwa imepinda vibaya. Mbao nyingine zote kwenye ukuta ule zimeinama kidogo kuelekea mtoni, kwa pamoja, kwa makubaliano ya miaka. Hii moja iliyonyooka ndiyo iliyoonekana mlevi. Fundi akaninyang'anya pimamaji taratibu, akaliweka kwenye nyasi.

"Fuata nyumba," akasema. "Usifuate maji."

Tukaiinamisha. Ikaonekana imenyooka.

Jeki ikashushwa, nyumba ikakaa, mlango wa Mama ukaacha kufunga tena, jambo lililomfurahisha, maana hakuwahi kuuliza ufungwe. Udongo tukauchimba mpaka msingi wa Baba ukaonekana na shubiri zake mbili. Kaka akapewa kazi ya kununua gata, na akaingiza bei yake kwenye simu, chini ya saruji. Fundi alilipwa kwa siku zote, zikiwemo za mwembe. Alisema kuangalia mtu akifanya kazi yako ni kazi kuliko kuifanya, na baada ya kufikiri nimemkubalia.

Jioni Mama akapanda ngazi akachungulia darini. Ilikuwa imebaki mbao moja, nayo ina fundo.

"Basi," akasema aliposhuka, "hata nikitaka kufa siwezi."

Akanichukua hadi ukingo wa kihamba, nyuma ya zizi la mbuzi, akanionyesha mche wa mgrevilia unaonifika gotini. Nikamwambia mgrevilia mpaka utoe mbao ya maana unaweza kuchukua miaka kumi na mitano, hata ishirini.

"Nitasubiri," akasema. "Mwambie dada yako kile choo chake cha wageni kisipite hapa."